Nani Atamgeuza Baba

Dada Milembe,

Mtu akiandika barua huanza kwa kuuliza hali ya yule anayemwandikia. Mimi hapo nimekwama, maana hali yako naijua. Udongo wa mwisho niliusawazisha mimi, na kazi ilisifiwa. Basi tuanze na hali yangu, ambayo ni nzuri mno. Nimetanuka mabega. Wasichana wa hapa Nkololo wanasema Shija amekuwa mwanamume. Sawa, aliyesema ni mmoja, naye alikuwa anataka nimtue ndoo ya maji kichwani, lakini maneno aliyasema.

Mwandiko utauvumilia. Unajua mimi na shule tuliachana nikiwa darasa la tano, bila ugomvi, kila mtu akashika njia yake. Naandika mchana huu baba akiwa amelalia ubavu wa kulia, mto katikati ya magoti, kama ulivyotaka. Mama yuko mlangoni anachambua choroko kwa vidole. Macho yake yamezidi kuingia ukungu. Jiwe analitambua kwa kulibonyeza, na akilipata anamrushia kuku, na linampata. Sijui anamwonaje.

Jambo lililonishikisha kalamu ni hili: kijiji kimenichagua niende Bariadi kusomea huduma ya kwanza. Mimi. Usicheke, utaamsha wenzako. Kila kijiji kimeambiwa kitoe kijana, akafundishwe hospitali kutibu homa na kuhara na kufunga vidonda, halafu arudi kuhudumia watu wa kwao. Katibu wa kijiji aliposoma jina langu mkutanoni, mikono yote ilipanda juu. Nataka nikwambie ni kwa sababu ya sifa zangu. Ukweli mwingine, ambao si lazima uusikie, ni kwamba vijana waliomaliza darasa la saba wamekimbilia Mwanza, na aliyebaki anayejua kusoma na kufunga bendeji ni mdogo wako.

Furaha yangu ilidumu kutoka mkutanoni mpaka mlangoni kwetu. Pale mlangoni nikakumbuka. Kozi ni ya miezi, na wanafunzi wanalala hukohuko. Nikienda, nani atamgeuza baba?

Ngoja nikueleze tulipo, maana hata ukija kututembelea utapotea. Hatukai tena kule kwetu. Ulipofariki, pamba ya mwaka ule haijaisha kuchumwa, tukaambiwa watu wote wahamie kijijini, kando ya barabara, nyumba zipangwe mistari kama mahindi ya shamba la shule. Baba alihama juu ya mkokoteni wa ng'ombe, amelala chali, anatoa amri kwa ule mkono wake unaofanya kazi.

"Polepole! Mmebeba mtu, hamkubeba mihogo!"

Kijana mmoja aliyekuwa anaswaga ng'ombe akamjibu, "Mihogo haisemi, mzee."

Akacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka tangu tukuzike.

Minyaa ya ua wetu imebaki kule, inazunguka uwanja mtupu. Nimepita juzi, imestawi kuliko wakati tulipokuwepo. Hapa nimepanda vijiti vyake, vimenifika magotini tu, kwa hiyo kwa sasa nimechukua magunia ya pamba yaliyotoboka, nikayashona, nikayatundika kwenye nguzo nyuma ya nyumba. Ndiyo bafu la baba. Nyumba zimebanana mno. Jirani akikohoa kwake, mama anampa pole akiwa kwetu. Na mbele yetu, ng'ambo ya barabara, kuna duka la kijiji. Wewe ungesema hakuna siri hapa, na ungekuwa umesema kweli.

Yanayofuata unayajua, lakini nayaandika kwa sababu huko kozini wataniuliza nani alinifundisha, na mimi nikisimulia jambo nataka lisimuliwe vizuri.

Pacha wetu Kulwa na Doto walipokufa wachanga tulibaki wawili, wewe wa mbele kabisa, mimi wa mkiani. Nilipopata akili, wewe tayari ulikuwa na kofia nyeupe ya uuguzi, ile iliyokaa kichwani kama sambusa. Wodi ya wanaume kule Bariadi ilikuwa mkononi mwako. Uliogesha wazee, ukawanyoa, ukawabadilisha mashuka, ukawakaripia, na hata wenye wake wengi walinyamaza kama watoto wa chekechea. Kisha baba akaanguka zizini, upande wote wa kushoto ukafa ganzi. Ukaja mbio na baiskeli yako, sare imejaa vumbi, ukamkuta kitandani, ukakunja mikono ya gauni.

Akakutazama. "Milembe, toka nje. Niitie Shija."

Ukasimama pale. Ukajaribu sauti ya kazini. "Baba, mimi ni muuguzi."

Akasema, "Kwa wengine."

Basi. Hakuna serikali ambayo ingeweza kubadilisha hilo. Mzee wa Kisukuma havuliwi shuka na binti yake wa kuzaa, awe muuguzi, awe daktari mkuu. Wazee wote wa Bariadi uliwaosha, wa kwako akakushinda. Mama angeweza, ni mke wake, lakini mgongo wake haunyanyui mtu, na kile kidonda cha kulala kilipotokea, pale kalioni, hakikutaka mtu wa kupapasa, kilitaka mtu wa kuona. Nikabaki mimi, ambaye hadi siku ile nilichokuwa nimewahi kuosha kwa bidii ni baiskeli yako, tena kwa malipo ya karanga.

Ukanifundishia nje. Tulimtolea kitanda chake cha kamba uani, nyuma ya nyumba, wewe ukasimama upande wa pili wa minyaa, unatoa maelekezo bila kuona kitu. Chemsha maji, tia chumvi, acha yapoe. Nawa mpaka viwiko. Kunja goti lake la kushoto ndipo umvutie kwako, usimburute kama gunia. Kausha kwa kugusagusa, usisugue. Shashi ya kidonda usiishike katikati, ishike pembeni. Mara ya kwanza nilimgeuza kwa nguvu akaishia karibu na ukingo wa kitanda, akasema, "Huyu anataka urithi mapema."

Na baba, mjanja yule, akapata njia yake. Ukiwa nyuma ya minyaa hukuwa binti yake. Ulikuwa "huyo nesi."

"Shija, mwambie huyo nesi maji ni ya moto."

"Mwambie mgonjwa maji ni ya vuguvugu, aache kudeka."

"Mwambie nesi mimi simdekei mtu."

Mimi katikati na kitambaa changu, nageuza kichwa huku na huku kama mbuzi aliyepelekwa mnadani, na wakati wote huo mnasikiana vizuri kabisa. Halafu jioni, tumekaa motoni, anakugeukia kwa upole, "Milembe mwanangu, habari za kazini kwenu?" Kama mtu ambaye hajakusikia siku nzima. Na wewe unajibu kwa adabu, umepiga goti, unampa uji kwa mikono miwili.

Kazi ilikuwa kukueleza kidonda. Wewe huoni, mimi sijui majina.

"Kina rangi gani?"

"Nyekundu."

"Nyekundu ipi? Shija, taja kitu ninachokijua."

Nikafikiri sana. "Kama ulimi wa ndama."

Ukasema, na nilisikia kwenye sauti kwamba unatabasamu, "Vizuri sana. Kikiwa ulimi wa ndama, kinapona. Kikigeuka ugali uliolala, tuma mtu aje kuniita siku hiyohiyo."

Mpaka leo napima hivyo. Juzi nilikuwa nafunga bendeji, baba ameangalia ukutani, mara akauliza, "Nesi anasemaje?"

Mkono ukanisimama. Sijui alisahau, au hakusahau. Nikamjibu, "Anasema ni ulimi wa ndama."

Akasema, "Mwambie asante."

Basi, asante yako hiyo. Nimeifikisha.

Sikuwa najua wakati ule umeacha nini. Nilidhani watu wazima wanapenda tu kuendesha baiskeli juani kutoka Bariadi mpaka huku na kurudi. Mama ndiye aliyeniambia baadaye kwamba uliitwa kwenda Mwanza kusomea ukunga, jambo ulilolitaka tangu usichana wako, ukamwomba mkubwa wako wa kazi akubakize Bariadi. Ukasema mambo ya nyumbani. Mkubwa akasema sawa, nafasi ikaenda kwa mwenzako. Na Nkwabi, karani wa kupima pamba, alikuja na ng'ombe wa mahari, ng'ombe wakaingia zizini, ukamwambia asubiri kwanza baba apate nafuu. Akasubiri. Kila msimu wa pamba anasubiri. Mimi nilikuwa namtania, namwita Mzee wa Mizani, namwambia, "Shemeji, wewe unapima pamba ya watu, ya kwako inaliwa na wadudu." Anacheka tu. Ni mtu mpole kiasi cha kuudhi.

Bado anakuja kusalimia wazee. Anapiga magoti mbali kule, "Mwangaluka baba, mwangaluka mayu," anaacha sukari kidogo, anaondoka. Na hapo ndipo nilipopata akili yangu kubwa. Sikia jinsi mdogo wako anavyofikiri. Nkwabi ni mtu mzima, msafi, ana mikono thabiti, kituo chake cha kununulia pamba ni hapahapa, na anampenda baba. Nikamwuliza kama anaweza kumhudumia mzee nikiwa kozini. Alibadilika uso, akasita sana. Nikamwambia, "Dada hayupo tena. Ukwe umekwisha. Sasa wewe ni kama kaka yangu." Nilisema kwa ufasaha, nilijisikia kama mbunge. Akasema kama nina hakika, sawa, kwa ajili ya Milembe atajaribu.

Alikuja Jumapili. Akakunja suruali, akanawa mpaka viwiko, polepole, kama mtu anayeenda kula kiapo. Nikafunua magunia. Baba akafumbua jicho.

"Nani huyo?"

"Nkwabi, baba. Atakuwa ana..."

Dada, ule mkono mmoja una nguvu. Alilivuta shuka mpaka kidevuni kabla sijamaliza sentensi. "Ng'ombe zake zimo zizini mwangu, naye aje anione mapaja? Shija, ile shule ungeimaliza!"

Nkwabi alikuwa ameshageuka, amefumba macho kwa viganja vyote viwili, anakimbia. Mtu aliyefumba macho hakimbii vizuri. Akaivaa nguzo, magunia yote yakamwangukia, akatoka nayo kichwani mpaka barabarani, na watu waliopanga foleni dukani wakampisha. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniita.

"Mwanangu, wewe unadhani Milembe alipokufa na ng'ombe walikufa?"

Nikasema hapana.

"Basi na ukwe haujafa. Yule akimwona mkwewe uchi, atakuja kutusalimia tena kwa uso gani?"

Baba aligoma uji siku ile. Nkwabi hakuonekana wiki nzima, akarudi na sukari, akapiga magoti mbali zaidi kuliko zamani.

Nilijaribu na wengine, nisikudanganye. Mtoto wa jirani alishika shashi akatapika. Binamu yetu wa Ipililo alituma ujumbe kwamba anakuja baada ya kuvuna, na unamjua, kule kuvuna hakuishi. Mwisho nikaenda kwa katibu wa kijiji, nikamwambia atafute mtu mwingine. Akaniambia mtu mwingine hayupo, na lori la pamba litakapoondoka bila mimi, nafasi inapewa kijiji jirani. Nikamwambia wapewe. Nilirudi nyumbani nikamgeuza baba, nikakaa. Sikulia. Niliumwa kichwa tu, na macho yakawa yanatoa maji kwa sababu ya kichwa.

Sikumwambia baba. Lakini nimekwambia nyumba za hapa. Katibu alimwambia mkewe, mkewe akasema kisimani, na ilipofika jioni kijiji kizima kilijua Shija amekataa. Na baba akasikia. Alikunywa uji nusu, akageuzia uso ukutani.

Sasa lile duka. Muuzaji wake ni Mzee Kondo, Mzaramo, ambaye biashara ilimleta huku zamani akasahau kurudi pwani. Unamkumbuka vizuri. Kwenye mazishi yako aliingia kaburini kabla yako, akajilaza chali, akakunja mikono kifuani, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Akasema Wasukuma hawana akili, wanazika mtoto mzuri wanabakiza baba mwenye sura kama ile. Wageni wengine walishangaa, lakini wenyeji walijua mtani yuko kazini. Wazaramo na Wasukuma walianza kutukanana tangu mababu walipokuwa wanabeba mizigo kwenda pwani, na mpaka leo hakuna aliyekubali kushindwa. Alipewa jogoo, akatoka, na ni yeye aliyekupokea chini kwa mikono yake. Alikulaza vizuri. Wakati huo hakutania.

Asubuhi yake, baada ya mimi kukataa kozi, Mzee Kondo alivuka barabara na kipande cha sabuni alichomfichia mama, maana siku hizi sabuni ikifika dukani inaondoka kabla haijashushwa. Akanikuta nje.

"Nasikia umekataa udaktari."

"Nani atamwosha mzee?"

Akanitazama kama mtu aliyeona ng'ombe akipanda ngazi. "Msukuma ana mtoto, ana mkwe, ana kijiji kizima na katibu wake. Mtani hana?"

Kabla sijafungua mdomo alishaingia. Nikamfuata mbio.

Baba akamwona. "Mzaramo, umekuja kuiba?"

"Kuiba nini humu? Sura?"

Na akalishika shuka, akalifunua. Hivihivi. Dada, miguu yangu ilikufa ganzi, nikadhani sasa tumepooza wawili. Mama alisimamisha vidole kwenye ungo.

Mzee Kondo akatazama, akatikisa kichwa. "Haya ndiyo mapaja yaliyotaka kumnyima kijana masomo? Kuku wangu wa mayai ana mazuri kuliko haya."

Baba akaangalia dari. Taya lake likacheza. Nikajiandaa kukimbia. Akasema, "Angalia sana, kwenu hakuna kama hayo."

"Kwetu mtu akiwa nayo hivi tunamfukia."

Na baba akacheka, dada. Akacheka mpaka akakohoa, mpaka Mzee Kondo akamwinua kumpigapiga mgongo, na walipotulia akasema akiwa bado anahema, "Shija, toka nje. Mambo ya watani si ya watoto."

Nikatoka. Tukamhamishia uani na kitanda chake, mimi na Nkwabi, aliyekuwa anapita kwenda kazini, tukakishika miguuni huku Nkwabi ameangalia mawinguni kama mtabiri wa mvua, kisha tukafukuzwa wote wawili. Yeye akaenda kwenye mizani yake. Mimi nikabaki nje ya magunia, niliyoyatundika upya, maana Mzee Kondo anajua kuuza chumvi, hajui kidonda.

Nikaanza. "Kunja goti la kushoto kwanza."

"Nimelikunja. Limekonda."

"Mvutie kwako, usimburute."

"Namvuta. Mzee, hebu jivute kidogo, wewe si mtawala hapa."

"Kausha kwa kugusagusa."

Nikasikia baba anaguna. Nikanyanyua mguu niingie. Nikaushusha. Mkono wangu ulikuwa unacheza wenyewe, unakunja shashi isiyokuwepo. Zamani mimi nilikuwa nakuona umesimama pale, nasema moyoni, huyu ana bahati, amenipa kazi chafu mwenyewe anapunga upepo. Kumbe. Unasikia baba yako anaumia, unajua dawa yake, na njia ya kumfikia ni mikono ya mtu mwingine. Na wewe ulikuwa fundi, mimi ni mwanafunzi tu. Miaka yote ile, dada. Na ulikuwa unanichekesha huku umesimama hapo.

"Kina rangi gani?" nikauliza.

Mzee Kondo akafikiri. "Kama ndani ya pera."

"Pera gani? Jekundu au jeupe?"

"Jekundu, bwana. Jeupe ningesema jeupe."

"Vizuri sana," nikasema.

Alipomaliza alinawa, akaenda kuswali, akarudi, akaendelea na matusi pale alipoyaachia. Malipo yake ameyataja mwenyewe: jogoo mwekundu, yule mwenye kiburi. Nimempa. Baba anadai amepunjwa, kwamba kwa mapaja kama yake Mzaramo ndiye angelipa.

Kwa hiyo naondoka. Mzee Kondo atakuja kabla ya kufungua duka na baada ya kulifunga, na mchana mwanawe atakaa kaunta kidogo ili yeye aje amgeuze mzee. Wake wa majirani wamesema watamtekea mama maji kwa zamu. Baba alimwita Nkwabi akamwambia achukue ng'ombe wake, akaoe, asizeeke bure kwenye mizani. Nkwabi akajibu kwamba ng'ombe wamezoea zizi hili na maziwa yao anakunywa mama, waache. Baba hakumsisitiza. Kisha Nkwabi akaniambia kwamba amenitengea nafasi juu ya lori, kwenye magunia, nisikae ubavuni nitadondoka. Nimekwambia ni mpole kiasi cha kuudhi.

Lipo moja limenikaa tangu niliposimama nje ya magunia siku ile, nikisema nitaonekana nakufundisha, nawe hupendi kufundishwa na mtu wa darasa la tano. Nalisema hivyohivyo. Mzee Kondo alikuwepo siku zote. Nkwabi alikuwepo. Hawa wake wa majirani walikuwepo hata kule kwetu, mbali kidogo tu. Hukumwomba mtu yeyote kitu. Wenzako wa wodini walipokuja kwenye msiba walituambia ulifanya kazi na homa, unasukuma meza ya dawa huku umeiegemea, na anayekuuliza unamwambia hujambo. Ulikuja hapa wiki ileile, ukasimama nyuma ya minyaa ukanielekeza kama kawaida. Niliona umeshika baiskeli, nikadhani una haraka ya kurudi. Ulikuwa umeishika usianguke. Sikujua, na usingekubali nijue. Ungesema, "Fanya kazi yako, wewe."

Sikulaumu. Ulitubeba wote, na zamu zako hukukosa. Lakini mimi ni mvivu, unanijua, na mvivu ana akili yake. Mvivu akiona mzigo, kwanza anatazama kulia na kushoto nani yuko karibu.

Lori linapakia. Nasikia Nkwabi anahesabu magunia, na mama ananiuliza kama nimefunga shuka la pili, maana Bariadi anaiona kama Ulaya. Baba amegeuzwa. Mzee Kondo yuko kwake anamtukana mteja.

Nakuaga, dada. Sikuahidi kwamba nitakuwa muuguzi kama wewe, hilo ni la kuonekana hukohuko, ingawa kwa kipaji nilichonacho nawahurumia wenzangu. Sikuahidi kwamba nitakuja kila Jumamosi, maana baiskeli yako imechoka tairi. Ahadi yangu ni moja, nayo naiweza kuliko mtu yeyote wa ukoo huu. Nikichoka nitasema nimechoka. Nitamwambia Mzee Kondo, nitamwambia Nkwabi, nitamwambia daktari mkuu wa hapo Bariadi hata kama hajaniuliza. Nitasema kwa sauti. Nitalalamika mpaka waje wanipokee waninyamazishe.

Lala, Milembe.

Mdogo wako,
Shija